Joto la Chuma na Joto la Mwili

Kikiwashwa, kifaa hiki hakina maneno mengi. Skrini ndogo huandika 100, sekunde huanza kuhesabiwa, mlio husikika, kazi imekwisha. Ni kifaa cha kuunguza madoa ya awali kwenye mlango wa kizazi, yale ambayo yakiachwa kwa miaka mingi huweza kugeuka saratani. Kina sehemu tatu: mpini wenye betri ndani yake, ufito mwembamba wa chuma wa urefu usiofika shubiri, na kichwa bapa chenye upana wa kama milimita 20, ambacho ndicho kinachopata moto. Ndani ya kichwa hicho, mahali jicho lisipofika, kumefichwa kihisi cha joto. Wahakiki wetu wamezoea kupekua fani ya shairi na tamthilia. Mimi naona kifaa cha tiba nacho kinafaa kupekuliwa vivyo hivyo, kwa kuwa kila milimita yake ni uamuzi wa mtu, na miongoni mwa maamuzi hayo yapo yanayosema kweli na yapo yanayobabaisha.

Nakisoma kifaa hiki nikiifikiria Kagio. Mji huu umekaa kando ya barabara itokayo Sagana kwenda Kutus, na soko lake linajulikana Kirinyaga nzima kwa nyanya zinazopakiwa kwenye makreti na kupelekwa Nairobi. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Kerugoya, juu kidogo kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Ya Kimbimbi iko upande wa mashamba ya mpunga ya Mwea. Na mwenye kuhitaji huduma za Nyeri hupanda matatu hadi Sagana, apite Karatina, ndipo afike. Mama anayeuza nyanya akiambiwa leo apimwe, wiki ijayo afuate majibu, na mwezi ujao aende hospitali nyingine kutibiwa, kila safari ni nauli na ni siku ya soko iliyopotea. Wengi huishia safari ya kwanza. Kwa makadirio ya GLOBOCAN, takwimu za kimataifa za saratani, mwaka 2020 Kenya ilikuwa na wagonjwa wapya 5,236 wa saratani ya mlango wa kizazi na vifo 3,211, na huu ni ugonjwa ambao hatua zake za awali huchukua miaka kabla hazijawa hatari.

Hapo ndipo ulipozaliwa mpango wa kupima na kutibu katika ziara moja. Muuguzi hupaka asidi iliyomo kwenye siki, husubiri dakika moja hivi, na akiona doa jeupe lenye mipaka ya wazi huamua: linatibika hapa, au mama apelekwe mbele? Shirika la Afya Duniani limeweka masharti. Doa lote lionekane, lisiingie kwenye mfereji wa mlango wa kizazi, lisizidi robo tatu ya uso wake, na pasiwe na dalili yoyote ya saratani yenyewe. Likitimiza hayo, tiba hufanyika papo hapo. Kifaa tunachokisoma ni umbo la ile ziara moja: wepesi wake, betri yake na ufupi wa muda wake vyote vinatokana na mama ambaye kesho hatarudi.

Kabla yake palikuwa na tiba ya kugandisha. Ilihitaji silinda ya gesi ya kaboni dioksidi au ya oksidi ya nitrojeni, nzito, ya kujazwa tena mjini, na utaratibu wa dakika 3 za kugandisha, 5 za kuacha barafu iyeyuke, kisha 3 nyingine za kugandisha. Tiba hiyo hufanya kazi vizuri, gesi ikiwepo. Kutibu kwa joto kuna historia yake pia. Mwaka 1966 Kurt Semm, daktari Mjerumani wa magonjwa ya wanawake, alibuni mashine ya kuunguza mlango wa kizazi kwa joto la kadiri ya nyuzi 100, badala ya mamia ya nyuzi yaliyotumiwa na mashine za umeme za wakati huo. Mashine ile ilikuwa kisanduku cha mezani chenye waya na plagi. Vifaa vya betri vya miaka ya karibuni vimekichukua kisanduku kile na kukiminya ndani ya mpini. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo rasmi wa tiba hii, na mwaka uliofuata matokeo ya awali ya jaribio la Zambia, lililogawa wanawake 750 katika makundi matatu ya tiba, hayakuonyesha tofauti ya maana kati ya joto, kugandisha na kukata kwa waya wa umeme. Nayataja hayo kwa haraka kwa sababu swali la kama joto linatibu si swali langu hapa. Swali langu ni umbo.

Tuanzie kichwani. Kichwa bapa cha milimita 20 kinafunika sehemu kubwa ya uso wa mlango wa kizazi, na doa likizidi hapo muuguzi husogeza kichwa na kuunguza tena, duara la pili likipanda juu ya la kwanza. Vipo vichwa vyenye chuchu ndogo katikati, inayoingia kidogo kwenye tundu la mlango ili kichwa kisiteleze. Kingo zake ni za mviringo: ukingo mkali ungekata, na tena ungebonyeza tishu za pembeni zaidi ya zile za katikati. Baadhi ya vichwa hupakwa Teflon ili tishu zilizoiva zisinate kwenye chuma wakati wa kukiondoa. Hadi hapa umbo ni tiifu. Linafuata mwili wa mama.

Lakini ugonjwa haukai juu juu tu. Chembe zilizobadilika huzama ndani ya vifuko vya tezi, na wanapatholojia wamezikuta hadi kina cha kama milimita 5. Kichwa bapa kinapaswa kuua kitu ambacho hakikigusi. Joto ndilo linalotumwa kwenda huko chini, na joto likishaondoka kwenye chuma halina mtu wa kuliongoza. Nyuzi 60 hivi zinatosha kuua chembe karibu papo hapo; chini ya hapo kifo huchukua muda, na muda huo hurefuka upesi kadiri joto linavyopungua. Damu nayo inapita, ikichukua joto na kulipeleka kwingine mwilini. Mmarekani Harry Pennes alilipima jambo hilo kwenye mikono ya watu na kulichapisha mwaka 1948, na mlinganyo wake ungali unatumiwa na wanaobuni vifaa hivi. Kwa hiyo uso unapikwa kwa nyuzi 100 au zaidi kwa sekunde 20 hadi 30 au zaidi kidogo, ili kule milimita chache chini kufike joto la kutosha.

Sasa ufito, ambao ndio sehemu niipendayo kuliko zote na ndio sehemu ambayo waandishi wa vijitabu vya maelezo huipita wima. Wengi husema umefanywa mwembamba kwa ajili ya starehe ya mgonjwa. Hilo ni kweli, na ni sababu ndogo kuliko zote. Ufito unapita ndani ya spekulamu, chombo cha kufungulia uke, na macho ya muuguzi yanapita njia hiyohiyo. Ufito mnene ungeziba kile anachokitibu. Zaidi ya hapo kuna suala la joto kupanda. Mwiko wa chuma ukiachwa kwenye sufuria ya uji, mkono utajua baada ya muda mfupi kwamba joto limesafiri. Ufito mnene ungefanya vivyo hivyo, ukapeleka joto kwenye kuta za uke na hatimaye kwenye mpini. Wabunifu wanajibu kwa njia mbili: wanatumia chuma kisichoshika kutu, ambacho hupitisha joto polepole zaidi ya mara 20 kuliko shaba, na wanaufanya ufito kuwa mrija wenye kuta nyembamba, ili joto likose njia pana ya kupanda.

Ubora wa ufito mwembamba hauishii hapo. Kichwa kinachoshikiliwa na chuma kinene hupoteza joto kupitia shingo yake, kwa hiyo sehemu ya katikati, pale kinapoungana na ufito, huwa ya baridi kuliko pembeni. Kihisi kikiwa kimewekwa hapo katikati, kitaripoti ubaridi wa eneo dogo, na mtambo utaongeza moto bila ya lazima. Kikiwekwa karibu na hita, kitaripoti joto la hita, na uso unaomgusa mgonjwa utabaki nyuma. Ufito ukiwa mwembamba, tofauti hizo zote hupungua, na namba inayosomwa sehemu moja huanza kustahili kusimama badala ya kichwa kizima. Hii ndiyo hoja yangu kuhusu wembamba: katika kifaa cha joto, wembamba ni sharti la kipimo kusema kweli. Kifaa kinene kingeweza kuwa na kihisi cha bei ghali kuliko vyote duniani na bado kikadanganya.

Kihisi chenyewe mara nyingi ni themokapo, yaani nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa ncha. Tangu Thomas Seebeck agundue jambo hilo mwaka 1821, tunajua kwamba ncha hiyo ikipata joto, volti ndogo hujitokeza kwenye mwisho wa pili wa nyaya. Ndogo sana: kwa aina ya K, iliyo ya kawaida kuliko nyingine, ni sehemu 41 za milioni ya volti kwa kila nyuzi moja, hivyo nyuzi 100 hazizai zaidi ya milivolti 4 hivi. Uzuri wake ni kwamba nyaya hizo zinaweza kuwa nyembamba kama unywele, zikapita ndani ya mrija wa ufito bila kuongeza unene na bila kuiba joto jingi la ncha.

Ubaya wake unahusu mlima wetu moja kwa moja. Themokapo haijui joto. Inajua tofauti ya joto kati ya ncha na mwisho wake wa pili, ambao uko ndani ya mpini. Ili skrini iandike joto la kichwa, kifaa lazima kijue pia joto la mpini na kulijumlisha. Chukua kifaa ambacho mbunifu wake, kwa uvivu au kwa kubana bei, amedhani tu kwamba mpini siku zote una nyuzi 25. Asubuhi ya Julai mjini Nyeri, chumba kikiwa na nyuzi 12, skrini itaandika 100 wakati kichwa kiko kwenye 87. Mchana wa jua kali Mwea, chumba kikiwa na nyuzi 32, skrini itaandika 100 ileile na kichwa kiko kwenye 107. Namba moja, tiba mbili, na kati ya hizo ya Nyeri ndiyo ya kuogopwa, maana hakuna atakayesikia maumivu ya ziada wala kuona lolote. Mama ataenda nyumbani akiamini ametibiwa. Kwa hiyo kifaa chenye fani nzuri kina kihisi cha pili ndani ya mpini, ambacho hakionekani na hakitajwi, na ambacho kazi yake yote ni kujua kwamba asubuhi hii kuna baridi. Mpini wenyewe hupata joto pia kutokana na betri na kiganja cha anayeushika, kwa hiyo kihisi hicho kikae pale nyaya zinapoishia hasa, si kwenye kona ya bodi yenye nafasi.

Mlima una mtego mwingine. Fundi wa vifaa vya hospitali akitaka kuhakikisha kihisi kiko sawa, njia rahisi ni maji yanayochemka, kwa kuwa shuleni sote tulifundishwa kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100. Yanachemka hivyo Mombasa. Nyeri, kwenye mwinuko wa kama mita 1,750, yanachemka karibu na nyuzi 94. Kagio, iliyo chini zaidi, karibu na 96. Kihisi kizima kikitumbukizwa kwenye sufuria ya Nyeri kitaandika 94, na fundi asiyekumbuka mwinuko atasema kimeharibika na kukisogeza juu. Hapo atakuwa ameharibu kitu kilichokuwa kizima: tangu siku hiyo kifaa kitaandika 100 kikiwa bado kwenye 94. Na kile kinachoandika 100 barabara ndani ya maji yanayochemka Nyeri ndicho kibovu. Kwa wanafunzi wa mekatroniki wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, ambacho kiko hapo hapo Nyeri, hili lingekuwa zoezi la asubuhi moja, na matunda yake ni kibandiko chenye namba moja cha kubandikwa kwenye karakana ya kila hospitali ya mlimani.

Tumekuwa tukiizunguka namba ya skrini, sasa tuikabili. Je, 100 ni joto la nini? Ni joto la chuma. Si joto la mama. Ili kuona uzito wa jambo hili, weka pembeni ya kifaa chetu sindano zinazotumiwa na madaktari wa maumivu kuunguza mishipa midogo ya fahamu karibu na uti wa mgongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Menno Sluijter wa Uholanzi na Mark Mehta wa Uingereza walipendekeza sindano ya geji 22, yaani unene wa kama milimita 0.7, yenye themokapo nyembamba ndani yake. Kwa jicho la haraka ni kifaa cha ukoo mmoja na chetu: chembamba, chenye kihisi nchani, chenye namba kwenye skrini. Lakini ndani yake mwelekeo wa joto umegeuzwa. Sindano ile haina hita. Inapitisha mkondo wa mawimbi ya redio, tishu ndizo zinazopata moto kwa msuguano wa chembe zenye chaji ndani yake, na tishu ndizo zinazoipasha sindano. Kihisi kikiandika 80, kimeandika habari iliyotoka kwa mgonjwa. Katika kifaa cha mlango wa kizazi, kihisi kikiandika 100 kinaandika agizo lililotolewa na betri.

Upo hata mfano wa tatu, ambao unanifurahisha kwa ujeuri wake: sindano za kuunguza uvimbe wa ini ambazo ndani yake huzungushwa maji baridi, ili tishu za jirani zisikauke na kuuzuia mkondo. Kihisi cha ncha wakati wa kazi huandika baridi huku sentimita moja mbele nyama inaiva. Daktari wa sindano hizo anajua asiisome namba hiyo kama joto la tiba. Huzima maji mwishoni, ndipo asome. Vifaa vitatu, kihisi cha aina moja, na namba zenye maana tatu. Asiyesoma umbo zima hawezi kujua ameambiwa nini.

Je, kifaa chetu ni mwongo basi? Sikubali. Fani yake imejengwa juu ya kukiri kwamba haioni ndani: ndiyo maana muda umewekwa kuwa sehemu ya tiba, ndiyo maana kuna masharti ya ukubwa wa doa, ndiyo maana duara hupanda juu ya duara. Wabunifu wamekisia kina kwa kudhibiti vitu vitatu wanavyoweza kuvidhibiti, yaani joto la uso, eneo na sekunde. Kihisi chembamba ndani ya tishu zenyewe kingetoa habari bora zaidi, lakini kingetoboa mlango wa kizazi wa mtu aliyelala macho bila ya ganzi, ambaye muuguzi amemwambia tu, "Mama, utasikia joto kidogo na tumbo kuvuta kama siku za mwezi." Kukataa kutoboa ni uamuzi mwema. Kisu changu kinakwenda kwingine.

Kwanza, maungio. Vifaa hivi hutakaswa baada ya kila mgonjwa, na kliniki yenye akina mama wengi huhitaji vichwa kadhaa ili kimoja kikiwa kwenye dawa kingine kitumike. Mbunifu anaweza kukifanya kichwa kufunguka pale juu, karibu na mgonjwa, au kuufanya ufito mzima uchomoke kwenye mpini. Njia ya kwanza ni rahisi, lakini inaweka ufa mahali penye majimaji, na inalazimisha volti ile ndogo ya themokapo kuvuka kiungo cha metali nyingine mahali penye joto. Kiungo kikichafuka au kulegea, namba inayumba. Njia ya pili ni ghali kwa kuwa kila kichwa kinakuja na ufito wake. Ningelipa gharama hiyo. Umbo lisilo na ufa karibu na mwili wa mtu ni bora mara zote.

La pili ni zito zaidi. Ili kushikilia nyuzi 100, kifaa hupima joto mara nyingi kwa sekunde na kuongeza au kupunguza umeme wa hita. Kichwa kikiwa hewani, umeme kidogo tu unatosha kukiweka kwenye 100. Kikibonyezwa vizuri kwenye tishu zenye maji na damu, joto hunyonywa na hita hudai umeme mwingi zaidi. Kikigusa nusu tu, upande mmoja ukiwa juu, madai huwa ya katikati. Katika hali zote tatu skrini inaandika 100. Kwa maneno mengine, habari ambayo muuguzi anaihitaji kuliko zote, kama kichwa kimegusa doa lote au kimening'inia, tayari imo ndani ya mpini, kwenye hesabu ya umeme uliotumika, na kifaa kinachoishia kwenye namba, saa na mlio kinaitupa. Si lazima kiongezewe kihisi wala waya, na ufito hauongezeki unene hata kidogo. Mstari mmoja zaidi kwenye programu ya kifaa, na taa moja ya kijani pembeni ya skrini inayowaka pale tu hita inapodai umeme wa kichwa kilichogusa kikamilifu, vingemwezesha muuguzi wa Kagio kujua, zikiwa zimebaki sekunde 15, kwamba inabidi abonyeze tena upande wa kushoto.